Panya Namba Kumi na Saba

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Ukungu ulikuwa mzito hadi saa mbili asubuhi, kisha jua likautoboa, na lami ya mbele ya maabara ikaanza kutoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Naanza na hali ya hewa kwa sababu ndivyo daftari la maabara yetu linavyoanza kila siku, tarehe kwanza, hewa pili. Tena siku hiyo nilisimama ndani ya ukungu ule kwa muda mrefu, mkoba kifuani, nikimwomba Mungu anipe ujasiri wa kuingia na kusema nilichofanya.

Kazini naitwa Mama Vioo. Kwa miaka kumi na tisa niliosha chupa, mirija na vibakuli vya maabara hii, na jina likanikaa. Nilipofika miaka arobaini na sita nilijiandikisha masomo ya jioni. Watoto wangu walikuwa wamemaliza shule, nikavaa miwani na kuvirudia vitabu walivyoviacha, pamoja na michoro ya upuuzi waliyochora pembeni. Biolojia niliirudia mara mbili. Mwaka jana nilifaulu, na hadi leo naendelea na ngazi inayofuata. Daktari, yaani mtafiti mwenye maabara, alikisoma cheti changu, akakigeuza nyuma kama anatafuta kingine, akasema, "Mama Vioo, sinki limekutosha. Januari utaanza kupima panya."

Siku hiyo nililia kwenye stoo ya glavu, na karani wa stoo akanipa boksi zima la karatasi za kufutia, akaandika kwenye kitabu chake: boksi moja, furaha.

Kazi ya Daktari ni kutafuta namna ya kuufanya mwili wenyewe uile saratani. Mume wangu ni fundi cherehani, kwa hiyo nilimweleza kwa lugha yake.

"Mwili una askari wake, Fundi. Zinaitwa seli za kinga. Seli hizo saratani zinaijua, na kuiua zinaweza. Ila saratani ni janja. Ni kama mtu aliyekuja akaweka kiganja kwenye gurudumu la cherehani yako. Unakanyaga pedali, sindano haiendi."

"Na dawa ya Daktari wako inafanya nini?"

"Inakitoa kile kiganja."

"Basi hiyo dawa naijua," akasema. "Ni marehemu mama. Alikuwa anakitoa changu kwa mwiko."

Jaribio lenyewe lilikuwa na panya ishirini na wanne, weupe, kila mmoja na namba kwenye kibati cha sikio, na kila mmoja na uvimbe mdogo wa saratani chini ya ngozi ya ubavu. Kumi na wawili walikuwa wakidungwa dawa. Kumi na wawili walikuwa wakidungwa maji ya chumvi. Nani anapata nini, hakuna aliyejua isipokuwa mtakwimu wetu, mtu mwembamba ambaye sote tunamwita Kufuli. Yeye ndiye aliyezijaza chupa, akazibandika namba zake mwenyewe, akaifungia orodha ndani ya bahasha ili hata yeye asiikumbuke, na bahasha ndani ya kabati. Mpimaji hatakiwi kujua, maana anayejua huona anachotaka kuona. Na kanuni ya kupima ilikuwa fupi. Unashika kalipa, kile chuma chenye meno mawili kama mdomo wa ndege. Unapima urefu wa uvimbe mara moja, upana mara moja, unaandika.

Sasa niseme kosa langu.

Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri kusali. Nina daftari la maombi, na ndani yake kuna watoto, wakwe, majirani, mwalimu wangu wa hesabu ambaye ana presha, na dada yangu mkubwa, ambaye saratani ilimchukua nikiwa bado nafunga nywele zake kwa kuwa mikono yake ilikuwa haifiki tena. Nilipopewa panya, niliwaingiza nao. Sikuona ubaya. Niliandika namba zao, moja mpaka ishirini na nne, na kila alfajiri nikawataja mmoja mmoja.

Wiki ya tatu baadhi ya uvimbe ukaanza kusinyaa. Nikishika ubavu, kile kilichokuwa kama maharage kinakuwa kama choroko. Furaha ikanizidi. Nikaanza kuweka nyota kwenye daftari la maombi, pembeni ya kila panya anayepona, ili nimshukuru Mungu kwa jina lake. Wasio na nyota niliwaombea kwa nguvu zaidi. Kufikia wiki ya tisa nilikuwa na nyota kumi, na bila kukusudia nilikuwa na orodha yangu ya nani kapata dawa.

Jumatatu jioni, baada ya darasa, nilikuwa mezani na mume wangu. Alikuwa anapasua mshono wa gauni la mteja, anacheka peke yake.

"Mama huyu," akasema, "kaja wiki jana, anafurahi, kapungua, anatangaza mtaa mzima. Nikampima kiuno. Na mimi nikafurahi naye. Leo gauni halifungi."

"Ulikosea kupima?"

"Sikukosea. Tepe ilijikaza yenyewe. Mwanafunzi, nikuambie siri ya kazi yetu. Ukimpima mtu unayemtakia mema, mkono unambana. Huuoni mkono ukifanya hivyo. Unamwona mteja akifurahi tu."

Kijiko changu kilibaki hewani. Nilikuwa nimempima namba kumi na saba asubuhi ile ile.

Kumi na saba alikuwa kipenzi changu. Alikuwa na tabia ya kushika kidole changu kwa mikono miwili kama mtoto anayevushwa barabara. Alikuwa na nyota tangu wiki ya tano. Jumatatu nilipompima nikapata milimita saba. Haikunifurahisha, nikajiambia ametikisika. Nikapima tena, sita na nusu. Nikapima mara ya tatu, nikapata sita. Nikaandika sita, nikamrudisha kizimbani kwa amani kabisa.

"Kuna nini?" mume wangu akauliza.

"Nimepima kama wewe," nikamjibu, nikamweleza yote.

Hakucheka. Aliweka mkasi chini. "Kikao ni lini?"

"Ijumaa."

Alijua maana ya Ijumaa kama nilivyojua mimi. Siku hiyo kamati ingekaa kuamua kama dawa itoke kwa panya iende hospitali, kwa wagonjwa wa kwanza. Ikiwa vipimo vina doa, Daktari anarudi mwanzo, wiki tisa zinamwagwa. Na mimi narudi kwenye sinki. Hilo la sinki sikumwambia mume wangu, lakini nililifikiria kabla ya lile la wagonjwa, na alfajiri nilitubu kwa mpangilio huo.

Basi ndiyo maana nilikuwa kwenye ukungu.

Daktari alikuwa anakunywa chai wima, kama kawaida yake, akisoma karatasi. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, lakini mbele ya vipimo mimi ndiye mtoto. Nilimwekea daftari la maombi mezani, nikasema kila kitu kwa mfuatano, nyota, kumi na saba, mara tatu, sita badala ya saba. Nilipomaliza, aliweka kikombe chini polepole.

"Umewaombea panya wangu," akasema.

"Wote, Daktari. Kwa namba."

Alifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia. Mabega yalipoanza kutikisika nikagundua anajizuia kucheka, na nikaona ni afadhali angelia, maana kicheko kilikatika ghafla akabaki ananitazama.

"Kumi na saba tu, au na wengine?"

"Mara tatu ni kumi na saba tu. Lakini mkono wangu sasa siuamini kwa yeyote mwenye nyota."

"Kikao ni Ijumaa, Mama."

"Najua."

"Ungeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua."

"Mimi na aliyeniamsha saa kumi na moja tungejua," nikasema.

Alikwenda dirishani. Ukungu ulikuwa unaachia paa la jengo la jirani. Kisha akamwita Kufuli.

Kufuli alilisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, bila kutabasamu, kama anasoma hati ya kiwanja. Alipofika kwa mwalimu wa hesabu mwenye presha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ngoja nielewe vizuri," akasema. "Wenye nyota unawafanyia nini?"

"Nashukuru."

"Na wasio na nyota?"

"Nalia kwa ajili yao. Kwa kirefu."

"Kwa hiyo ikiwa nyota zako ni sahihi, kundi la maji ya chumvi ndilo lililoombewa zaidi." Alitafakari. "Sina safu ya maombi kwenye jedwali langu. Mungu nitamwacha nje ya hesabu, naamini hatachukia. Mkono wako ndio siwezi kuuacha."

"Tunafanya nini?" Daktari akauliza.

"Tunapima wote upya leo, na mtu asiyejua lolote kuhusu jaribio hili. Namba za leo ndizo zitakazohesabiwa. Tunaamua hivyo sasa hivi, kwa maandishi, tunasaini, ndipo tufungue bahasha. Uamuzi kwanza, bahasha baadaye. Tukigeuza mpangilio huo, hatuna tofauti na tepe ya mume wa Mama Vioo."

Shida ilikuwa kumpata mtu asiyejua lolote. Jengo zima lilijua. Hata mlinzi wa getini alikuwa akiniuliza kila asubuhi, wanapona? Tukahesabu kwa vidole, na mwisho tukabaki na mmoja tu ambaye kwa miaka minane hakuwahi kuuliza nini kinaendelea kwenye chumba cha panya, wala kupita mbele ya mlango wake. Karani wa stoo.

"Mimi niliajiriwa kuhesabu glavu," alisema tulipomfuata. Ni mtu mkubwa, mlango wa stoo huupita kwa ubavu. "Glavu haina mkia."

"Panya atashikwa na Mama Vioo," Daktari akambembeleza. "Wewe unaweka kalipa tu."

"Atanitazama."

"Ni panya, kaka. Ana mengine ya kufikiria."

Kufuli alimfundisha kwanza kwa punje za maharage zilizofichwa chini ya glavu, punje kumi, mara mbili mbili, mpaka namba zake zikakubaliana. Kwenye maharage alikuwa hodari ajabu. Miaka minane ya kuhesabu imempa mkono mtulivu. Kisha tukaingia chumba cha panya, na utulivu ukabaki mlangoni.

Kufuli alikuwa amevichanganya vizimba na kufunika vibati vya masikio kwa vipande vya plasta vyenye herufi zake. Mimi nilitakiwa kushika, kwa sababu panya wameuzoea mkono wangu, lakini nilivalishwa barakoa na kuelekezwa niangalie ukuta. "Usiseme, usigune, usivute pumzi kwa maana," Kufuli akaniamuru. "Hata kukohoa kwako ni taarifa." Daktari alitolewa nje kabisa. Tulimwona kupitia kioo cha mlango, anapita kushoto, anapita kulia.

Karani alimpima wa kwanza macho yakiwa nusu wazi. "Nane na robo," akasema haraka, akaruka nyuma. "Upana sita. Nani anayefuata, tumalize."

"Umeona vizuri?" Kufuli akamuuliza. "Unataka kurudia?"

"Kurudia kwa sababu gani? Namba si hiyo? Nimekuja kutalii?"

Hapo, nikiwa nimeutazama ukuta, nilielewa kitu ambacho darasa la jioni halikunifundisha. Mtu huyu hakuwa na lolote analotaka panya awe. Alitaka kuondoka tu. Kila namba aliyoisema ilikuwa namba ya kwanza, na namba ya kwanza ilimtosha.

Wa tisa alipofika mkononi mwangu nikamjua. Alishika kidole changu kwa mikono miwili. Niliukazia macho ukuta, kwenye ufa mdogo wa rangi, nikaomba moyoni sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba: Bwana, awe alivyo.

"Huyu ananishika," karani akasema kwa sauti nyembamba.

"Anamshika Mama Vioo," Kufuli akasema. "Pima."

"Saba na kidogo. Upana sita na nusu. Mwambieni mimi ni mtu mwema."

Wa kumi na nne alitikisa mkia, karani akaitupa kalipa kwenye beseni la maji. Tukaikausha, tukaendelea. Walipofika wanne ambao hawakuwa na kitu cha kupima, ubavu laini kama kitambaa kilichopigwa pasi, yeye ndiye aliyelalamika. "Huyu mzima mmenipa wa nini? Mnanipotezea muda." Akasema hivyo mara nne. Nilikuwa na barakoa, namshukuru Mungu, maana sidhani kama tabasamu langu lingepita bila kuwa taarifa.

Saa saba mchana tulikuwa ofisini kwa Daktari, watu wanne na meza moja. Karatasi ya uamuzi ilikuwa imesainiwa na wote, karani ameongeza muhuri wa stoo kwa kuwa alikuwa nao mfukoni. Kufuli alifungua kabati, akatoa bahasha, akatuonyesha gundi haijaguswa, akaipasua kwa rula.

Alisoma taratibu, namba ya panya, herufi, dawa au maji, akiandika pembeni vipimo vya karani. Hakuna aliyeketi. Namba moja, dawa, hakuna uvimbe. Namba mbili, maji, milimita kumi na moja. Namba tatu, dawa, tatu na nusu. Alipofika kumi na sita Daktari alikuwa ameshika kiegemeo cha kiti kwa mikono miwili.

"Kumi na saba," Kufuli akasema. Akaangalia karatasi kwa karibu. "Maji ya chumvi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Kumi na saba ana nyota," nikasema.

"Ana nyota yako. Hana dawa yetu. Uvimbe wake unakua polepole tu, hutokea, na wewe ukaona unasinyaa." Alitoa karatasi yangu ya Jumatatu, akaziweka mbili sambamba, kidole kikitembea kutoka safu hadi safu. "Wengine wote umewapima sawasawa, tofauti ni ndogo kama unywele. Huyu ndiye uliyembana. Mama Vioo, unaelewa ulichofanya? Ulimpunguzia uvimbe panya wa maji. Ulikuwa unaifanya dawa ya Daktari ionekane dhaifu kuliko ilivyo."

Daktari alianza kucheka, na safari hii hakujizuia. "Umeihujumu dawa yangu kwa upendo," akasema.

Kufuli alimaliza orodha. Wa dawa kumi na wawili, tisa wamesinyaa, wanne kati yao hawana kitu. Wa maji kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyesinyaa. Akapiga hesabu zake mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Inasimama," akasema. Kwa Kufuli hiyo ni hotuba.

Daktari aliketi chini, sakafuni, na koti lake jeupe. Kisha akainuka, akamkumbatia Kufuli aliyekuwa hajui aweke wapi mikono, akanikumbatia mimi, akamwendea karani.

"Nimefanya nini?" karani akauliza.

"Umeona dawa ikifanya kazi."

"Wale wazima? Walikuwa wagonjwa?" Alitazama mikono yake. "Kumbe wale wazima walikuwa wagonjwa," akarudia, taratibu, na macho yake yakalowa. Nilimpa karatasi ya kufutia kutoka mkobani. Ilikuwa ya lile boksi.

"Watatu wamekataa," Daktari akasema baadaye, kichwa juu ya jedwali. "Wana dawa na uvimbe umekua. Kwa nini?" Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyeachiwa kipande cha mwisho cha keki. "Mama Vioo, hao watatu wewe uliwaonaje?"

"Sikuwapa nyota."

"Kwa hiyo mkono wako uliwajua kabla ya Kufuli."

"Daktari," nikasema, "vyombo vimejaa kule. Nianze na vile vya juma lililopita?" Nilikuwa nimekwisha kuvua glavu za panya. Nilitaka kulisema mwenyewe kabla hajalisema yeye.

Alinitazama kama hanielewi, kisha akaelewa. "Unadhani nakurudisha kwenye sinki?"

"Nilivunja kanuni."

"Uliivunja, na utaandika hivyo kwenye daftari la maabara, kwa mkono wako, ili kamati isome Ijumaa. Halafu kesho saa mbili unapima. Namtaka mtu atakayeniletea kosa lake kabla sijalipata. Kupima vizuri naweza kufundisha." Akanyoosha kidole. "Ila daftari lako la maombi lisiingie chumba cha panya."

"Waombee kwa jumla," Kufuli akashauri. "Bila namba. Mungu anayo orodha."

"Na mimi?" karani akauliza. "Nimeingia kwenye daftari?"

"Tangu mwaka jana," nikamwambia. "Kwa jina la Boksi Moja."

Alinyoosha koti lake akasimama wima kama anapigwa picha.

Kufuli alinisukumia daftari la maabara na kalamu. Niliandika tarehe, nikaandika ukungu hadi saa mbili kisha jua, nikaandika kosa langu mistari sita, bila kulipunguza. Nikatia saini. Lakini moyo ulikuwa bado haujatulia. Kilichoandikwa ni cha kamati, na mimi nilikuwa nadaiwa neno na watu waliosimama pale. Nikaweka kalamu, nikasimama, nikainua mkono wa kulia, ule ule wa kalipa. Karani naye akainua wake, bila kuulizwa, ili nisiwe peke yangu.

"Mbele yenu watatu, na mbele za Mungu anayeniamsha," nikasema, "naahidi nitapima mara moja, nitaandika namba ya kwanza, inifurahishe isinifurahishe, hata kama panya amenishika kidole."